Priampu na Pawaampu za Zamani: Namna ya Kuzilinganisha na Kuziwasha Salama Nyanda za Juu Kusini

Priampu ya Mjapani na pawaampu ya Mwingereza zinaweza kukaa meza moja zikaimba vizuri kuliko jozi iliyotoka kiwanda kimoja. Zinaweza pia kuunguza spika siku ya kwanza. Jina lililoandikwa usoni haliamui lolote hapo. Zinazoamua ni namba chache zilizo mgongoni mwa mashine na kwenye kitabu chake: umeme wa ukutani inaoutaka, volti za mawimbi zinazotoka upande mmoja na zinazohitajika upande wa pili, na ukinzani, yaani kiasi ambacho kila upande unazuia umeme kupita, wa pande hizo mbili zinapokutana.

Huku kwetu, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songea, mashine hizi hutufikia zikiwa zimetengana. Moja imeshuka bandarini ndani ya kontena la mtumba kutoka Japani ikapanda na lori, nyingine imekaa miaka kwenye nyumba ya zamani ya shamba la chai au ya misheni hadi mwenyewe alipoamua kuiuza. Kwa hiyo mtu wa huku hupata nusu leo na nusu nyingine baadaye, na kazi ya kuzikutanisha inakuwa yake mwenyewe.

Kwa asiyezifahamu: priampu ndiyo yenye vitufe. Inapokea santuri, redio, CD au simu, unachagua unachotaka na kupandisha sauti. Pawaampu mara nyingi haina kitu usoni zaidi ya swichi. Inachukua mawimbi madogo yanayotoka kwenye priampu na kuyapa nguvu ya kusukuma spika. Ampulifaya ya kawaida ina zote mbili ndani ya boksi moja.

Hatua ya kwanza: soma mgongo kabla hujatoa hela

Igeuze mashine, washa tochi ya simu, piga picha kibati cha nyuma. Unatafuta volti na hezi za umeme, wati inazokula, na aina ya matundu ya kuingizia waya. Usikivu, yaani volti inazotaka mlangoni, na ukinzani mara nyingi haviandikwi pale; viko kwenye kitabu, na vitabu vya mashine nyingi za miaka ya 1960 na 1970 vinapatikana bure mtandaoni ukiandika jina na namba ya modeli.

Kisha nusa matundu ya juu. Harufu ya kitu kilichoungua haijifichi. Angalia skrubu: zikiwa zimelika vichwa, mafundi wameshapita humo, na ni haki yako kuuliza walifanya nini. Ukiruhusiwa fungua kifuniko. Panya wanapenda kulala karibu na transfoma kwa sababu ya joto, na mkojo wao unakula shaba ya bodi kuliko kutu. Mashine iliyokaa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, huwa na ukungu mweupe kwenye swichi na soketi. Ukungu huo unasafishika. Bodi iliyoliwa na mkojo ni habari nyingine.

Kuna mashine ambazo ningekushauri uziache hata zikiwa za bei nafuu. Yamaha B-1 ya mwaka 1974, ndugu yake B-2, na baadhi ya Sony za miaka hiyo zilitumia transista (vipande vya ndani vinavyokuza mawimbi) za V-FET ambazo hazitengenezwi tena. Zina sauti tamu kweli, lakini transista hizo zikifa hakuna duka la Kariakoo litakalokuokoa. Anayependa kukusanya na mwenye subira anunue. Anayetaka kusikiliza muziki jioni aendelee kutafuta.

Hatua ya pili: umeme wa ukutani

Hapa ndipo mashine nyingi za Kijapani hufia. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inataka volti 100 na haina swichi ya kubadilisha. Ile ya Marekani inataka 120. Ya Uingereza inataka 240 na haihitaji transfoma.

Kwa ya Kijapani unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Tatizo ni kwamba zinazouzwa madukani kwetu nyingi hutoa volti 110. Watu huziona zinatosha kwa sababu mashine inawaka na kuimba. Lakini 110 kwa mashine ya 100 ni ziada ya asilimia 10, na joto hupanda kwa mraba wa volti, yaani karibu asilimia 21. Kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, zenye umri wa miaka arobaini na zaidi hazistahili adhabu hiyo. Nenda kwa fundi anayesuka koili za mota na transfoma, mwambie akutolee waya wa volti 100 kamili. Ni kazi anayoijua vizuri. Ukubwa wa transfoma uwe mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibati: mashine inayokula wati 400, transfoma ya VA 800 au zaidi.

Hezi nazo usizipuuze. Mashine za Japani karibu zote zimeandikwa 50/60, kwa sababu Tokyo inatumia hezi 50 na Osaka 60. Baadhi ya zile za soko la Marekani zimeandikwa 60 peke yake. Hizo zikipewa hezi 50 transfoma yake ya ndani inaweza kupata moto na kunguruma hata kama volti ni sahihi. Ukiona 60 tupu, iachie muuzaji.

Mashine yenye kichaguzi cha 220 na 240, weka 240. Pima umeme wa nyumbani kwako kwa multimita (kipimio cha umeme) saa mbili usiku, wakati kila jirani amewasha kila kitu, kisha upime tena alfajiri. Ukikuta 250 na kuendelea, kapasita zitachoka mapema na stabilaiza inafaa. Ukikuta 200, mashine itaimba kwa nguvu ndogo tu, haitakufa.

Hatua ya tatu: iamshe kwa glopu

Usiichomeke ukutani moja kwa moja mashine iliyolala miaka. Tengeneza eksitensheni ambayo waya wake mmoja wa moto umekatwa na kupitishwa kwenye glopu ya zamani, ile inayopata moto. Za LED na za kuokoa umeme hazifai kabisa. Kama madukani zimeadimika, waulize wanaouza vifaa vya kuku, maana wafugaji wa huku bado wanalelea vifaranga kwa glopu hizo. Kwa pawaampu tumia ya wati 100, kwa priampu wati 40 au 60. Kazi ya umeme wa ukutani kama huna uzoefu nayo, mwite fundi umeme akuungie.

Chomeka pawaampu ya transista peke yake, bila spika, bila priampu. Ukiwasha, glopu inatakiwa imulike kwa nguvu kidogo halafu ififie. Hiyo ni kapasita zinajaa. Glopu ikibaki inawaka kwa nguvu, zima: kuna transista iliyokufa au kapasita iliyopiga shoti, na glopu imekuokolea transfoma. Ikififia vizuri, iache hivyo kwa saa moja ukiwa karibu.

Sasa iondoe kwenye glopu, ichomeke kwa umeme kamili, weka multimita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) na upime matundu ya spika, kushoto kisha kulia. Chini ya milivolti 50 ni salama. Juu ya 100 usiunge spika mpaka fundi aitazame. Kosa ambalo wengi hufanya ni kupima pawaampu na kusahau priampu. Pima nayo, kwenye matundu yake ya kutolea, kwa sababu pawaampu nyingi za Kijapani za mwishoni mwa miaka ya 1970 hazina kapasita ya kuzuia DC mlangoni. Kapasita moja inayovuja kwenye priampu hupeleka DC ndani, pawaampu inaizidisha mara thelathini, na koili ya spika inaungua bila kelele.

Mashine za valvu, zile zenye taa za kioo badala ya transista, zina sheria zake. Usiwashe pawaampu ya valvu bila spika au resista ya mzigo, maana transfoma yake ya kutolea inaweza kupasuka insulesheni. Ndani yake mna volti zaidi ya 300 zinazobaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, usifungue.

Hatua ya nne: volti zinazotoka na zinazohitajika

Kila pawaampu ina usikivu wake: volti ngapi iletewe ili itoe nguvu yake yote. Wati 100 kwenye spika ya omu 8 ni volti 28 hivi. Kama usikivu wake ni volti 1, inazidisha mara 28. Kama ni nusu volti, inazidisha mara 56. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama volyumu yako itakuwa na nafasi ya kuzunguka au itakuwa inalia kwa nguvu ukiigusa tu.

Mfano mzuri ni Quad ya Uingereza, kwa sababu watu hudhani vifaa vya nyumba moja vyote huelewana. Pawaampu ya valvu ya Quad II, ya mwaka 1953, inataka volti 1.4 ili itoe wati zake 15, na priampu yake ya Quad 22 hutoa hizo hizo 1.4. Mwaka 1967 wakaja na transista: priampu 33 na pawaampu 303, na hapo kipimo kikawa nusu volti. Mwaka 1975 ikaja 405 ya wati 100, nayo nusu volti. Sasa ukiunga 33 na Quad II, muziki unakuwa mnyonge na volyumu unaifikisha mwisho. Zaidi ya hapo, Quad 22 haina umeme wake: hulishwa na Quad II kupitia kebo. Mtu akikuuzia Quad 22 peke yake amekuuzia boksi lisilowaka.

Hali ya kawaida kwetu ni kinyume cha unyonge. Priampu ya Kijapani inatoa volti moja na zaidi, chanzo ni CD au kifaa cha Bluetooth cha volti 2, na pawaampu ni 405 inayotaka nusu. Volyumu ikifika robo tayari nyumba inatikisika. Ubaya wake si kelele peke yake. Volyumu za zamani mwanzoni mwa mzunguko hazilingani kushoto na kulia, kwa hiyo ukisikiliza taratibu usiku, mwimbaji anahamia upande mmoja. Na mchakarisho wa priampu yenyewe unasikika wakati muziki umenyamaza.

Dawa ni resista mbili kwa kila chaneli, na ni kitu ninachokishauri kuliko kununua mashine nyingine. Chukua ya kilo-omu 15 (kahawia, kijani, chungwa) na ya kilo-omu 4.7 (njano, zambarau, nyekundu). Ya 15 ikae kwenye njia ya mawimbi, ya 4.7 itoke upande wa pawaampu kwenda kwenye waya wa nje wa kebo. Mawimbi yatapungua hadi karibu robo. Kwa pawaampu kama 405, ambayo mlango wake ni karibu kilo-omu 20, yatafika moja ya tano: volti 2 zinakuwa 0.4. Zichomelee kwa risasi ndani ya plagi ya upande wa pawaampu, si upande wa priampu, na uzifunike kwa mpira. Resista za asilimia 1 zinafaa zaidi ili kushoto na kulia kulingane.

Quad 33 ina tahadhari ya nyongeza kwenye milango yake ya kuingilia. Ule wa redio ulitengenezwa kupokea karibu milivolti 100. CD inatoa mara ishirini ya hizo. Hapo weka resista za namna hiyo mlangoni mwa priampu, lakini zinazopunguza zaidi, hadi karibu moja ya ishirini.

Utajua umepata kipimo sahihi volyumu ikikaa kati ya theluthi na theluthi mbili ya mzunguko kwa usikilizaji wako wa kawaida.

Hatua ya tano: ukinzani, yaani nani anambeba nani

Mlango wa kutolea wa priampu una ukinzani wake, na mlango wa pawaampu una wake. Kanuni ni rahisi: wa pawaampu uwe angalau mara kumi ya ule wa priampu. Priampu ya transista ya omu 600 ikikutana na pawaampu ya kilo-omu 20 hakuna neno. Priampu ya valvu yenye kilo-omu kadhaa ikikutana na pawaampu ya kilo-omu 10, kuna neno.

Neno lenyewe ni besi. Priampu za valvu hutoa mawimbi kupitia kapasita, na kapasita hiyo ikishirikiana na ukinzani wa mbele yake hukata sauti za chini. Chukua kapasita ya maikrofaradi 0.47. Mbele ya kilo-omu 100 inaanza kukata kwenye hezi 3.4, ambako hakuna muziki. Mbele ya kilo-omu 10 inaanza kwenye hezi 34. Waya mnene wa gitaa la besi ukiwa wazi unalia hezi 41, na hapo tayari umepoteza zaidi ya desibeli 2. Kwa mtu anayesikiliza rumba na dansi la zamani, ambalo besi ndiyo inayotembeza wimbo mzima, hiyo si hasara ndogo. Atamlaumu spika, atanunua spika nyingine, na besi haitarudi. Fundi anaweza kuweka kapasita ya maikrofaradi 2.2 au zaidi, yenye volti zinazostahili, kama nafasi ipo. Lakini kama bado hujanunua, tafuta pawaampu ya kilo-omu 47 au 100.

Upande wa pili wa ukinzani ni sauti za juu, na zenyewe huliwa na kebo ndefu. Mita moja mpaka mbili haina shida. Ukitaka pawaampu ikae mbali na priampu, refusha waya za spika badala ya kebo ya mawimbi.

Hatua ya sita: plagi

Mashine za Kiingereza hutumia sana soketi za DIN, zile za duara zenye pini. Kufanana kwa duara hakuna maana pini zinafanana kazi. Naim, kwa mfano, hupeleka umeme wa volti 24 kutoka pawaampu kwenda priampu ndani ya kebo hiyo hiyo ya mawimbi. Ukichomeka kebo hiyo kwenye mashine isiyo yake unaweza kuiua. Na kama Quad 22, priampu ya Naim ikitengana na pawaampu yake au kisanduku chake cha umeme, haiwaki. Pima kila pini kwa multimita kabla ya kutengeneza kebo ya kubadilisha DIN kwenda RCA, yaani plagi ya sauti ya kawaida yenye pini moja.

Swichi na volyumu zinazokwaruza zisafishe kwa spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, uzungushe mara nyingi, usubiri zikauke. Petroli na mafuta ya taa yanayeyusha plastiki na kuacha utelezi unaoshika vumbi. Mkatalie fundi akitaka kuyatumia.

Hatua ya saba: kuziwasha pamoja

Anza na priampu. Subiri nusu dakika, kwa valvu dakika moja nzima. Kisha pawaampu. Kuzima ni kinyume: pawaampu kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, kishindo cha priampu inapoamka kinapita chote kwenye spika. Mara ya kwanza tumia spika ambayo hutaililia.

Mngurumo mzito ukisikika, shusha volyumu. Ukipungua, unatoka kwenye chanzo, na kwenye santuri mara nyingi ni waya mwembamba wa ethi ambao haujafungwa kwenye skrubu ya priampu. Ukibaki vile vile, unatoka kati ya priampu na pawaampu. Chomeka zote kwenye eksitensheni moja, tenganisha kebo za mawimbi na za umeme, sogeza priampu mbali na transfoma ya kushusha umeme. Usikate waya wa ethi kwenye plagi hata kama mngurumo unaisha ukifanya hivyo. Waya huo ndio utakaomlinda mtoto atakayegusa boksi la chuma siku transfoma itakapovuja.

Joto nalo. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupoza mapezi ya pawaampu kwa shida kuliko hewa ya pwani. Baridi yetu inafidia, mradi hewa ipite. Acha sentimeta 10 juu na pembeni, na kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza juu ya redio kihamie kwenye meza. Mashine iliyosafiri usiku wa Juni kutoka Makete au Njombe iache ndani ya nyumba mpaka kesho yake kabla ya kuiwasha, kwa sababu chuma baridi kikiingia kwenye chumba chenye joto hutoa jasho ndani. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ikianza kusikika toa plagi ukutani na antena ya redio nyuma. Kuzima swichi hakutoshi.

Jozi ambazo ningezitafuta

Kwa anayeanza, Quad 33 na 303. 303 ina umeme uliotulizwa ndani, volti 67, na kapasita kubwa kwenye mlango wa spika, kwa hiyo hata transista ikifa DC haifiki kwenye spika zako. Wati 45 kwa sebule ya kwetu ni nyingi. Ni mashine ya kuaminika kuliko sura yake inavyoonyesha, na fundi yeyote makini anaweza kuifuata.

Anayetaka nguvu zaidi, 405 pamoja na priampu yoyote nzuri ya Kijapani na zile resista mbili. Ubunifu wake hauna baiasi (umeme mdogo wa kuziweka transista tayari) ya kurekebisha, hivyo hakuna kitufe ambacho fundi mwenye haraka anaweza kukiharibu. Ipe spika za omu 8. Za omu 4 zinaiamsha mizunguko yake ya kujilinda mapema.

Jozi ya Kijapani iliyokamilika, priampu na pawaampu za mfululizo mmoja, ni nzuri pia ikiwa umeshamaliza suala la volti 100. Ukikuta muuzaji ana pawaampu peke yake na anasema priampu iko kwa ndugu yake, mwombe namba ya modeli ya hiyo iliyobaki, rudi nyumbani, fungua vitabu vya zote mbili na uandike kwenye karatasi moja volti inayotoka, volti inayohitajika na ukinzani wa kila upande. Ndipo umpigie simu.